Grili ya wavu isiibane rejeta

GRILI ya plastiki ya gari kuukuu ikivunjika, wengi hapa Bofa, Kilifi, humwendea fundi wa jua kali awatengenezee ya wavu. Si vibaya. Hata hivyo, wapo wanaofunga wavu wa kuzuia mbu, ule wa madirishani. Hilo ni kosa. Nyuma ya grili ipo rejeta, nayo hupozwa na upepo. Matundu yakiwa madogo mno, upepo hupungua, maji huchemka na gasketi ya silinda hedi huungua. Safari ya familia kwenda Malindi huishia kando ya barabara.

Chagua wavu mgumu wenye matundu ya sentimita moja hivi. Hewa ya ufuoni ina chumvi na chuma cha kawaida huota kutu upesi, kwa hivyo aluminiamu inafaa zaidi.

Kwanza, kata kielelezo cha katoni ukijaribishe mahali pake. Kilaze juu ya wavu, ukate huku ukiacha sentimita mbili za kukunja kila upande. Piga tupa kingo zote zisikate vidole. Funga kwa bolti zenye washa za mpira, kwani aluminiamu ikigusana na chuma penye chumvi huliwa. Wavu usiiguse rejeta.

Mwisho, endesha kilomita chache ukitazama geji ya joto. Ikipanda kuliko kawaida, ng'oa wavu bila kuona haya. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti.