«Sikulewa, Nilikunywa Tu»

Ndugu mfanyakazi, na wewe bibi wa nyumbani,

Maneno hayo tunayasikia kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kutoka. Mtu ameshika funguo za motokari au za tukutuku, anasimama vizuri, anasema sawasawa, hajaanguka. «Sikulewa, nilikunywa tu.» Na sisi tunamwitikia, maana kwetu mlevi ni yule anayeyumba na kutukana watu njiani.

Kwa mawazo yangu, kosa linaanza hapo. Sheria ya barabara haiulizi kama mtu ameanguka. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1977, siku zile ikiitwa Zaire, yanataka kila mwendeshaji awe katika hali njema ya mwili na ya akili. Nchi nyingi zimeongeza kipimo: uzito wa alkoli katika damu. Jirani zetu Tanzania na Uganda wameandika miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ndiyo kusema gramu 0,8 kwa lita moja. Ubelgiji ilianza na gramu 1,5 mwaka 1958, ikashuka mpaka 0,8, na tangu 1994 ni 0,5. Damu ya Wabelgiji haikugeuka katika miaka hiyo. Waliogeuka ni waandishi wa sheria, walipoona kwamba mtu anaharibika mapema kuliko walivyodhani.

Tufanye hesabu. Chupa kubwa ya bia, santilita 72 zenye alkoli 5 kwa mia, ina karibu gramu 29 za alkoli safi. Mwanaume wa kilo 70 akiimaliza upesi, damu yake inaweza kufika karibu gramu 0,6 kwa lita. Chupa moja tu! Mwanamke wa uzito huo huo atapita hapo, kwa kuwa mwili wake una maji machache. Lutuku siitii katika hesabu. Nani anajua nguvu ya ile iliyopikwa nyuma ya nyumba?

Na mwili hauna haraka. Unaondoa karibu gramu 0,15 kwa saa moja. Oga maji baridi, kunywa kahawa kali, lala: ni vile vile. Mtu wa kilo 70 aliyekunywa chupa nne jioni, akaacha katikati ya usiku, anaweza kuamka masaa sita nyuma akiwa bado na gramu 0,8. Amenawa uso, amevaa kofia ya kazi, anajiona mzima.

Kwenye mlango wa migodi mingi ya Lualaba na Haut-Katanga mwendeshaji anapuliza katika chombo mbele ya kupanda mashine. Akikutwa na pombe, haingii kazini, na wengi wetu tunaona ni haki. Lakini siku ya pumziko mtu yule yule anashika barabara ya Kamina kwenda kuona wazazi, watoto wake wamekaa nyuma, na hakuna chombo.

Barabara ile mnaijua. Ni barabara ya taifa nambari 1, inayotoka upande wa Kolwezi, inapita Kamina na Kaniama kwenda Mbuji-Mayi. Giza likiingia, watu bado wanasukuma kinga zenye mizigo ya mahindi, bila taa. Motokari ikienda kilomita 60 kwa saa, inakata zaidi ya mita 16 kila sekunde. Mwendeshaji aliyechelewa nusu sekunde kukanyaga breki ameongeza mita 8, urefu wa kinga nne zilizofuatana.

Kwa hiyo mimi sitaki kuwaambia «kunyweni kidogo.» Kidogo cha nani? Ile gramu 0,8 au 0,5 ni mpaka wa kuadhibiwa, wala si ruhusa. Mwenye kuendesha asinywe hata kidogo, kama kazini.

Ninyi mabibi, msingoje kugombania funguo usiku. Hasira ya mtu aliyenyimwa funguo tunaifahamu. Ulizeni mapema, chupa ya kwanza haijafunguliwa: leo nani ataendesha? Kama hakuna asiyekunywa, motokari ilale uani, na asubuhi msiichukue bila kuhesabu masaa.