Picha feki haihitaji kuaminiwa, inahitaji tu kuwa kisingizio

Hebu fikiria hivi. Una miaka 27. Wewe ndiwe mwimbaji wa kike anayependwa kuliko wote nchini. Nyimbo zako ziko redioni kutwa, mabango yako yako kila kona. Halafu siku moja bosi wa shirika la serikali linalosimamia shoo za wanamuziki anatoa picha za ngono na kudai aliyeko pale ni wewe. Si wewe. Lakini kuanzia hapo hupandi jukwaani tena kwa karibu miaka 20.

Hii si filamu. Ni maisha ya Marta Kubišová, mwimbaji na mwigizaji wa Kicheki, na ilitokea 1970. Hakukuwa na simu za mkononi wala zile programu za leo za kubandika sura ya mtu kwenye mwili wa mwingine.

Marta alizaliwa 1942 katika mji wa České Budějovice. Hakupata nafasi ya chuo kikuu, akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha vioo huku akiimba. Sauti yake nzito ikamfikisha Prague, kwenye ukumbi wa Rokoko. Mwaka wa 1966 akatwaa Zlatý slavík, tuzo ambayo mashabiki wenyewe ndio waliopiga kura. Alionekana pia kwenye filamu ya Mučedníci lásky ya mwelekezi Jan Němec, ambaye baadaye alimuoa. Mwaka wa 1968 akaunda kundi la Golden Kids pamoja na Helena Vondráčková na Václav Neckář. Wee, hao walikuwa moto!

Mwaka huo huo kukachafuka. Usiku wa kuamkia Agosti 21, 1968, vifaru vya Muungano wa Sovieti na washirika wake viliingia Chekoslovakia kuzima mageuzi ya Alexander Dubček. Siku zile zile Marta akarekodi wimbo uitwao Modlitba pro Martu, ambao maneno yake yanatokana na maandishi ya mwalimu wa karne ya 17, Comenius. Ni sala ya amani, ya kuomba wananchi warudishiwe mamlaka juu ya mambo yao. Watu waliokuwa wakiangalia vifaru barabarani wakaufanya wimbo wao. Wakubwa hawakusahau.

Sasa jiulize: mbona wasimfungie moja kwa moja kwa sababu ya wimbo? Kwa sababu hiyo ingemfanya shujaa. Ilikuwa rahisi zaidi kumfanya aonekane mchafu. Na kwa kuwa alikuwa mwanamke, silaha iliyochaguliwa ni mwili wake. Mwanamume angeitwa msaliti au mlevi. Mwanamke anaitwa malaya, na mjadala unaishia hapo.

Marta hakunyamaza. Alienda kortini, na kule ikabainika picha zile hazikuwa zake. Umeona? Alishinda. Lakini jukwaa hakurudishiwa. Golden Kids wakavunjika. Albamu yake ya Songy a balady, iliyotoka 1969, ikapotea madukani.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Huwa tunadhani picha feki inafanya kazi kwa sababu watu ni wajinga wanaiamini. Si kweli. Mashabiki wengi wa Marta hawakuwa na haja ya kuamini chochote. Picha ilihitajika tu iwe kisingizio. Mwenye ukumbi akapata sababu ya kutompigia simu. Mtangazaji akapata sababu ya kuruka wimbo. Kila mmoja angeweza kusema, "Mimi sina shida naye, lakini unajua hiyo stori yake..." Uongo mmoja, na waoga wengi wakapata mahali pa kujificha.

Ukweli ulipotoka kortini, hakuna aliyeuhitaji. Kisingizio kilikuwa kimeshafanya kazi.

Marta akaenda kubandika mifuko ya plastiki ili apate riziki. Baadaye akawa karani. Ndoa yake na Němec ilivunjika, na Němec akaondoka nchini 1974. Mwaka wa 1977 kukatokea Charta 77, tamko la kuitaka serikali iheshimu haki za binadamu ambazo yenyewe ilikuwa imetia saini. Marta akasaini, kisha akawa mmoja wa wasemaji wake. Serikali nayo ikawaita wasanii kwenye Jumba la Kitaifa la Maigizo wasaini tamko la kupinga. Maelfu walisaini, wakaendelea na kazi zao.

Sitawatukana hao. Ukiwa na watoto na kodi ya nyumba, ushujaa ni bei ghali. Ila tusijidanganye kwamba kunyamaza hakuna gharama. Gharama ipo, tofauti ni nani anailipa. Miaka ile yote aliyelipa ni yule aliyekuwa anabandika mifuko.

Novemba 1989, utawala ulipoanza kuporomoka, Marta alitokea kwenye roshani ya jengo la Melantrich, uwanja wa Wenceslas, Prague. Chini kulikuwa na umati wa watu usiohesabika. Akaimba. Alikuwa na miaka 47. Albamu yake ikatolewa tena 1990, akarudi jukwaani kuimba na kuigiza, na kwenye televisheni akawa anatangaza kipindi cha kuwatafutia makao wanyama waliotupwa. Kwaheri yake ya muziki aliitoa 2017, akitimiza miaka 75.

Utasema mwisho mwema. Wapi! Ile miaka ya 28 hadi 47, ambayo ndiyo miaka ya mwimbaji, nani alimrudishia?

Nasema haya nikijua mikono yangu si safi. Miaka miwili iliyopita niliposti picha ya dada mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akiimba hotelini wikendi. Nilitumiwa kwenye grupu, sikuuliza, nilitaka watu waje kusoma. Baada ya siku mbili ikajulikana imetengenezwa. Nikafuta, nikaomba msamaha, nikajiona muungwana. Kazi ya hotelini haikurudi. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu ya picha. Aliambiwa tu wamepata mtu mwingine.

Kwa hivyo kuuliza "hii ni ya kweli ama feki?" ni mwanzo tu. Uliza pia hii picha inampa nani ruhusa ya kumfanya nini huyu mtu. Na kama unamjua, usingoje korti. Mpigie simu. Mwalike kwenye shoo yako. Mpe kibarua kile kile ulichotaka kumpa kabla picha haijafika kwenye simu yako.

Marta alikuwa na mashabiki wengi kweli kweli. Kilichomkosekania 1970 ni wenye kumbi waliokuwa tayari kusema, "Njoo tu, uimbe."