Mpango wa mtoto uandikwe kabla ya Januari

Ndugu Mhariri,

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida, isipokuwa akihitaji mawasiliano maalumu. Huku kwetu vijijini, haki hiyo isiishie kwenye daftari la uandikishaji. Kumkalisha asiyeona dawati la mbele kunamsaidia nini?

Naomba walimu wakae na mzazi kabla ya Januari, waandike mtoto anahitaji nini: nukta nundu, lugha ya alama, au njia ya mteremko hadi chooni. Halmashauri nayo impeleke walau mwalimu mmoja wa kila kata akasomee elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Na akirudi, asihamishiwe mjini.

Mzazi,
Litumbandyosi, Mbinga