Muulizeni kwanza anataka aitweje

Mwandishi wa makala, hapo kwa neno kuchu sikubaliani nawe. Hilo ni neno ambalo wapenzi wa jinsia moja wa Kampala walianza kulitumia wao kwa wao. Halikuwa tusi la kutupiwa njiani kama lile la Kisomali, khaniis, huku kwetu Garissa. Binamu yangu ameitwa hivyo tangu dugsi (madrasa), kisa sauti yake tu. Siku moja sokoni Suq Mugdi muuza miraa alilitamka kwa nguvu, wateja wote wakageuka, naye akaziacha nyanya alizokwisha kulipia akaenda zake. Sasa yuko Nairobi na wenzake huitana shoga wakicheka. Anacheka nao, lakini hilo la Kisomali hataki kulisikia hata kwa mtu anayempenda. Na wewe mchangiaji uliyeandika hapo juu kwamba anayekataa jina la tusi ni mwoga, nenda ukawaulize wazee wetu habari ya neno shifta, yaani jambazi, tuliloitwa Wasomali wa huku. Kuna vijana wanaojiita hivyo kwa utani, sawa, lakini waliozika ndugu zao baada ya mauaji ya Bulla Kartasi mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984 hawalitaki nyumbani mwao. Hao nao ni waoga? Mwandishi, ukirudi na sehemu ya pili, tafadhali zungumza na watu wa huku kabla ya kuwachagulia jina.