Sanaa Si Pambo la Elimu ya Kompyuta

Tarehe 18 Aprili 2025, Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitangaza kwamba haitagharimia tena kazi zisizoafikiana na vipaumbele vyake vipya, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha ruzuku zaidi ya elfu moja zilikuwa zimekwisha kufutwa, nyingi katika hizo zikiwa za elimu, na miongoni mwake zile zilizokusudiwa kuwaingiza katika sayansi ya kompyuta vijana ambao fani hiyo haijapata kuwakaribisha: weusi, Walatino, Wenyeji wa asili, na wasichana wa kila jamii. Uamuzi huo ni dhuluma, na linalokera zaidi ni kwamba umesimama juu ya kutojua elimu hiyo yenyewe ni kitu gani.

Wenye kuutetea wanasema kwamba fedha ya umma ni ya watu wote, wala haifai kundi moja lipendelewe kwa hasara ya jingine. Kanuni hiyo ni njema, nami nitairudia. Wengine wanauliza faida ya kujifunza kuandika programu ilhali mashine imeanza kujiandikia. Lakini hoja hiyo, hata ikiwa kweli, ingewahusu watoto wa matajiri sawasawa na wa maskini, kwa hiyo tuiache. Imebaki ya tatu, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti ya hekima: kwamba kumfundisha mtoto kompyuta kwa picha na michezo, kama inavyofanywa katika miradi ya namna hiyo, ni kumteremshia kiwango, apewe burudani pahali pa maarifa.

Basi na atazame mtu kichwa cha msichana aliyesukwa matuta, awe wa Detroit au wa Tanga aliyesukwa twende kilioni. Tuta huanza penye paji la uso kwa msokoto mmoja. Msokoto wa pili ni ule ule wa kwanza, ila umesogezwa hatua, umegeuzwa pembe kidogo, na umekuzwa au kupunguzwa kwa kadiri maalumu. Wa tatu huufuata wa pili kwa kanuni hiyo hiyo, hata tuta zima likafika kisogoni limepinda vile alivyokusudia msusi. Ron Eglash, ambaye mwaka 1999 alichapisha kitabu chake African Fractals juu ya hisabati iliyomo katika ujenzi, ufumaji na usukaji wa Waafrika, alitengeneza pamoja na wenzake programu ambayo ndani yake mwanafunzi huandika tarakimu: tuta lianzie wapi, liwe na misokoto mingapi, kila msokoto usogee kiasi gani, ugeuke digrii ngapi, uwe asilimia ngapi ya uliotangulia. Akizidisha digrii, tuta linajiviringa badala ya kuelekea kisogoni, naye hana budi kurudi kwenye tarakimu zake akalitafute kosa. Nauliza kwa dhati: hapo kilichofanyika ni nini, kama si sayansi ya kompyuta? Kuna amri inayorudiwa, kuna thamani inayobadilika kila marudio, kuna kosa linalosakwa kwa kufikiri. Hakuna somo jingine lililofichwa nyuma ya nywele likingoja mtoto akue ndipo apewe; lenyewe ndilo hilo.

Ndivyo ilivyo katika michezo. Alexander Repenning, katika kazi yake ya Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, aliwapa wanafunzi wa shule njia ya kuifanya mizuka ya mchezo wa kompyuta wa Pac-Man imwandame mchezaji: mchezaji hupewa namba kubwa mno, kila kiraba cha uwanja kikapewa wastani wa namba za viraba jirani, na harufu ya mchezaji, kwa namna ya kusema, ikaenea ukumbi mzima ikipindia kuta; mzuka hutazama viraba vinne vilivyouzunguka ukaenda penye namba kubwa kuliko zote. Hesabu hiyo ni ile ile wanayoitumia wanafizikia kueleza jinsi joto linavyosambaa katika chuma. Mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu aliyeifanya ikafanya kazi hakuteremshiwa kitu.

Wala hatuna haja ya kukisia. Katika chuo cha Georgia Tech, ambako kila mwanafunzi alilazimishwa kusoma somo la kompyuta, wale wa fasihi, usanifu majengo na biashara walikuwa wakianguka kwa wingi, hata profesa wa chuoni hapo Mark Guzdial alipoanzisha mwaka 2003 kozi inayofundisha mambo yale yale kwa kuzibadili picha pikseli kwa pikseli na sauti sampuli kwa sampuli, na idadi kubwa mno ya wanafunzi hao ikaanza kufaulu.

Sasa kuhusu upendeleo. Mtafiti Jane Margolis na wenzake walizichunguza shule tatu za sekondari za Los Angeles, wakachapisha matokeo mwaka 2008 katika kitabu Stuck in the Shallow End. Waliona kwamba shule za watoto weusi na Walatino hazikukosa kompyuta, bali zilikosa somo, kwani watoto walikalishwa mbele ya mashine wakafunzwa kupiga chapa na kunakili maneno. Kiwango cha chini kilikuwa hapo, na hao wanaolilia viwango leo hawakusikika wakilia. Mtoto wa mhandisi huchezea mashine nyumbani tangu utotoni, akaichokonoa michezo ya baba yake hadi akajua inavyotengenezwa, na akifika darasani mwalimu humwita mwenye kipaji. Mtoto wa mfagiaji akipewa mchezo huo huo shuleni, kwa mpango na kwa mwalimu aliyefunzwa, mara inakuwa upendeleo. Asiniambie mtu kwamba huo ni usawa. Ni kumfungia mmoja mlango alioingilia mwenzake, kisha kumlaumu kwa kukaa nje.

Mwezi wa Juni 2025 hakimu wa mahakama ya shirikisho mjini San Francisco aliamuru watafiti wa Chuo Kikuu cha California warejeshewe ruzuku walizonyang'anywa. Amri hiyo iliwafaa wa chuo hicho. Kwa wa vyuo vingine, Taasisi haihitaji kungoja hakimu: kalamu iliyofuta inaweza kuandika upya, na yafaa iandike kabla walimu waliokwisha kufunzwa kazi hii hawajatawanyika.