Frigo Haipozi Tena: Tutafute Kisa Kabla ya Kulipa



Mama mmoja mjane wa mtaa wa Kikula, hapa mjini Likasi, ametuletea barua ambayo yafaa kujibiwa mbele ya wote, maana shida yake ni shida ya nyumba nyingi. Ana frigo moja aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa frigo hiyo huuza maji baridi na maji ya matunda mlangoni pake, na faida yake ndiyo inayolipa karo ya watoto watatu. Tangu mwezi wa nane frigo yanguruma usiku na mchana pasipo kuleta baridi. Akamwita fundi. Fundi akasema gesi imekwisha, akatia gesi, akalipwa. Baada ya majuma matatu maji yakawa vuguvugu tena. Fundi akatia gesi mara ya pili, akalipwa tena. Sasa ataka malipo ya tatu, na siku ya karo imekaribia. Mama auliza: alipe, au aiuze frigo kwa wanunuzi wa vyuma?

Tunamjibu hivi: Mama, usilipe bado, wala usiuze. Kwanza tutafute kisa cha ugonjwa. Mganga mwenye akili hatoi dawa kabla ya kumwuliza mgonjwa, na frigo nayo ina namna yake ya kujibu maswali.

Watu wengi hudhani kwamba frigo hutengeneza baridi. La, sivyo. Frigo ni mchukuzi tu: hulitwaa joto lililomo ndani, ikalitupa nje kwa mgongo wake. Gesi iliyofungwa katika mabomba ndiyo inayobeba mzigo huo. Ndani ya frigo hugeuka kutoka maji kuwa mvuke, na katika kugeuka hulinywa joto la vyakula. Kisha mota huusukuma mvuke ule hata mabomba ya nyuma. Huko hugandamizwa ukawa maji tena na kuliacha joto hewani. Ndiyo maana mgongo wa frigo iliyo nzima huwa na moto kidogo ukiugusa. Lakini mchukuzi akizibiwa njia, mzigo hubaki nyumbani.

Basi, kabla ya kusema neno juu ya gesi, tuchungue mambo matano yasiyogharimu hata faranga moja.

La kwanza ni umeme. Hapa Likasi hatuko mbali na maporomoko yanayotupa nguvu. Mtambo wa Mwadingusha, katika mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930. Ule wa Koni ulifuata mwaka 1950. Na Mwadingusha ulitengenezwa upya hata ukarudi kazini mwaka 2021. Lakini kukaa karibu na mto si kunywa maji yake. Jioni, kila nyumba iwashapo jiko la umeme, nguvu hushuka, na taa huwa nyekundu kama kaa linalozimika. Frigo zetu zimefanywa kwa volti 220. Nguvu ikishuka sana, mota hujaribu kuanza isiweze: husikika ikivuma kidogo, kisha "tak", kisha kimya, na baada ya dakika chache hurudia vile vile. Ukisikia hivyo, chomoa waya katika prizi mara moja, kwa maana mota inayojaribu bure huungua. Hata umeme ukikatika ghafula, chomoa. Na ukirudi, ngoja walau dakika 5 kabla ya kuchomeka, ili gesi itulie katika mabomba. Mwenye uwezo anunue stabilizateri, yaani chombo cha kusawazisha umeme. Bei yake ni ndogo kuliko ya mota mpya.

La pili ni mgongo. Je, frigo imebanwa ukutani? Imewekwa karibu na jiko, au mahali jua la alasiri linapoingia? Mabomba ya nyuma yamefunikwa na vumbi jekundu la barabara zetu? Chomoa waya, sogeza frigo hata mkono upite nyuma yake, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini. Nguo zilizoanikwa juu ya mabomba yale ni blanketi alilovikwa mtu mwenye homa.

La tatu ni mpira wa mlango. Twaa karatasi ya daftari, ifungie mlangoni nusu ndani nusu nje, kisha uivute polepole. Ikitoka pasipo kushikwa, hewa ya moto yaingia mahali pale. Jaribu pande zote nne. Osha mpira kwa maji ya moto kidogo na sabuni, maana mara nyingi ni mafuta na makombo tu yanayouzuia kushika. Ikiwa umekauka na kujikunja, uukande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ulainike. Inua kidogo miguu ya mbele ya frigo, ili mlango ujifunge wenyewe watoto wakiuacha wazi.

La nne ni desturi za nyumba. Sufuria ya moto haiingii katika frigo. Chupa zisijazwe hata hewa ikose pa kupita. Kwa mama anayeuza maji nasema hivi: atenge saa za kupanga chupa, asifungue mlango kwa kila mteja mmoja, bali achukue chupa nyingi pamoja na kuziweka katika sanduku lenye barafu. Na nafasi tupu ya juu, panapoganda, aijaze chupa za maji. Hayo yakiganda ni akiba ya baridi siku umeme unapokatika. Frigo isiyofunguliwa hulinda vyakula muda wa saa 4 hivi. Sanduku la kugandisha lililojaa huweza kufika saa 48, na lililojaa nusu saa 24.

La tano ni barafu. Ikizidi unene wa nusu sentimeta, huzuia joto lisichukuliwe. Hapa ni lazima niungame kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita barafu ya frigo yetu ilikuwa imejaa hata kijisanduku cha juu hakikufunguka. Mke wangu aliniambia, "Baba, tuizime, tungoje mpaka kesho." Mimi nilikuwa na haraka, tena nilitaka kuonekana mwenye kujua. Nikatwaa kisu cha jikoni. Pigo la tatu likatoa sauti nyembamba kama ya nyoka, nayo ilikuwa gesi ikitoka. Bomba lile ni bati jembamba la alumini, na nililitoboa kwa mkono wangu. Mke wangu hakunena neno. Alianza kuhamisha nyama kuipeleka kwa jirani. Tangu siku ile, barafu nyumbani kwetu huondolewa kwa kuchomoa waya, kuacha mlango wazi, na kuweka bakuli la maji ya moto ndani. Husubiriwa saa mbili au tatu, wala hapana kisu kinachokaribia.

Mambo hayo matano yakiisha kuchunguzwa, na frigo bado haipozi, ndipo tuseme juu ya gesi. Lishikeni sana neno hili: gesi ya frigo haiteketei kama mafuta ya taa. Huzunguka katika njia iliyofungwa pande zote, na frigo njema huweza kumaliza miaka ishirini kwa gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Gesi ikipungua, pana tundu. Kutia gesi pasipo kuliziba ni kumimina maji katika mtungi uliopasuka. Alama zake ni hizi: mota haipumziki, barafu hushika pembe moja tu ya kijisanduku, na pengine huonekana doa la mafuta penye kiungo cha bomba.

Kwa hiyo, Mama, mwite tena fundi yule, umwulize kwa upole mbele ya ndugu mmoja wa kiume au jirani: "Tundu liko wapi?" Akikuonyesha, akaliziba, akalijaribu kwa povu la sabuni, kisha akatoa hewa yote katika mabomba kabla ya kutia gesi, huyo amefanya kazi yake, naye astahili ujira. Asipoweza kukuonyesha, usimpe malipo ya tatu, mtafute mwingine. Na ikiwa tundu li ndani ya ukuta wa frigo pasipofikika, fundi mwaminifu atakuambia waziwazi kwamba gharama imepita faida. Hapo waweza kuiuza bila majuto.

Jambo moja zaidi, na hili lahusu uhai wa watu. Soma kibandiko kilicho nyuma au ndani ya frigo. Kikiandikwa R134a, gesi yake haishiki moto kwa urahisi. Kikiandikwa R600a, hiyo ni isobutani, ndugu ya gesi ya kupikia, huwaka upesi. Fundi asikubaliwe kuwasha moto wa kulehemu juu ya frigo ya namna hiyo chumbani, kabla gesi haijatolewa nje kwenye upepo. Kikiandikwa R12, frigo ni ya kale. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua, nayo ni mojawapo ya zile zilizokatazwa kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987. Kila frigo itiwe gesi ya aina yake tu. Na frigo ikikupiga umeme unapoigusa, hapo si kazi ya baba wala ya mtoto aliyesoma: chomoa, weka alama, mwite fundi wa umeme. Kadhalika frigo iliyokufa isiachwe uani na mlango wake, kwa maana watoto hujificha ndani wakicheza na kukosa pumzi. Ng'oa mlango siku ile ile.

Barua ya pili yatoka Panda. Baba mmoja aliyejenga nyumba ya mabati asema kwamba mwezi wa kumi, kabla ya mvua, watoto hawapati usingizi. Ataka kukopa fedha anunue mashine ya kupoza hewa. Jibu letu ni lile lile: joto laingia wapi? Bati lisilo na dari chini yake ni chuma kilichowekwa motoni mchana kutwa. Baridi ya mashine itatoka kama gesi ya frigo iliyotoboka, na deni litabaki. Tia dari kwanza, hata kama ni ya mikeka. Acha matundu juu ya kuta, chini ya paa, yenye wavu wa kuzuia mbu, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Paka bati rangi nyeupe iliyofanywa kwa ajili ya mabati. Chokaa ya Kakontwe ni nzuri kwa kuta, bali juu ya bati huoshwa na mvua, tena hula zinki. Panda mwembe upande wa magharibi. Mji wetu uko juu, yapata meta 1300 kutoka usawa wa bahari, na usiku hupoa hata mwezi wa kumi. Funga madirisha jua likiwa kali, uyafungue jioni. Ukiisha kufanya hayo, utaona kama bado wahitaji mkopo.

Na wale wasio na frigo kabisa wasikate tamaa. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alianza kuwafundisha watu wa vijijini kuweka chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati wakitia mchanga uliolowa maji, na juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka huondoka na joto, na mboga hukaa siku nyingi pasipo kuoza. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kwetu chungu hicho hufaa wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua nguvu yake ni kidogo, na nyama isitumainiwe humo wakati wo wote.

Namaliza kwa neno kwa mafundi wetu, ambao wengi ni vijana wa parokia zetu. Mwaka 1955 Papa Pio wa Kumi na Mbili aliweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, tarehe 1 Mei, ili kazi ya mikono ipate heshima yake. Heshima hiyo huanza hapo fundi anapomwambia mjane kweli: "Mama, tundu sijaliona bado." Neno hilo laweza kumkosesha malipo ya siku moja, lakini ni afadhali kuliko kuivunja amri ya saba kwa chupa ya gesi. Nasi tulio wenye nyumba tusimdharau fundi asemaye hivyo, wala tusimpunje akiisha kufanya kazi njema.

Mama wa Kikula, jaribu karatasi mlangoni jioni ya leo, kisha utuandikie.