Hipnosi ianzie chumba cha vidonda

Nguzo za umeme za Igogo, Mwanza, zina wapangaji wa kudumu. Kuanzia barabarani hadi vichochoro vinavyopanda kwenye mawe, vibao vya bati na karatasi za kubandika humwahidi mpita njia dawa ya presha, kisukari, nguvu za kiume, mvuto wa biashara na mpenzi aliyekimbia, yote kwa namba moja ya simu. Wanaopiga namba hizo si wajinga. Wengi wana kadi ya kliniki kabatini, na Hospitali ya Bugando ipo hapo kilimani, si mbali kwa bodaboda. Wanachokifuata kwa mganga ni kitu ambacho hospitali hukitoa kwa kubana: mtu wa kukaa nao, kuwasikiliza, na kuwaambia kwa sauti ya uhakika kwamba maumivu yatapungua.

Sauti hiyo ina kazi yake mwilini. Kwingineko duniani madaktari wameiwekea utaratibu, wakaipima, na wanaitumia wodini kama tiba ya hipnosi. Hospitali za Kanda ya Ziwa nazo zingeichukua, kwa kazi chache tu, na ya kwanza iwe kusafisha vidonda.

Tatizo ni sifa yake. Ukitaja hipnosi, wengi huwaza sinema: saa inaning'inia, mtu analala, anaamrishwa abweke naye anabweka. Wengine huwaza mapepo. Mambo yenyewe ni ya kawaida zaidi. Mgonjwa yu macho, anasikia, anaweza kusema basi. Fikira zake zimevutwa upande mmoja kwa nguvu hadi mengine yanafifia, kama shabiki anayetazama penalti ya mwisho ya Simba na Yanga asijue kuwa chai imemmwagikia mguuni. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake huko Montreal, Kanada, walipiga picha za ubongo wa watu walioingizwa mkono kwenye maji ya moto wakiwa katika hali hiyo. Walipoambiwa kwamba karaha ya maumivu imepungua, sehemu ya ubongo inayohusika na karaha hiyo ilibadilika kweli. Hawakuwa wakijikaza.

Watu wa Kanda ya Ziwa wana ushahidi wao kuhusu nguvu ya akili juu ya mwili, tena wa kutisha kidogo. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kabla shule haijafungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Waliporudishwa makwao kicheko kiliwafuata; kijijini Nshamba kiliwakumba watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walitafuta sumu na vijidudu wasipate chochote. Nchi ilikuwa na uhuru wa wiki chache tu, na wasichana wale walikuwa na mengi ya kubeba. Ikiwa hofu isiyosemwa inaweza kuuangusha mwili kiasi hicho, si ajabu utulivu uliopangwa nao ukaweza kuutuliza.

Tiba yenyewe ni ya zamani kuliko nusukaputi. Mwaka 1845, huko Hooghly, Bengal, daktari Mskoti James Esdaile alianza kuwapasua watu wenye mabusha makubwa, ugonjwa ambao pwani yetu inaujua vizuri, kwa kutumia mbinu iliyoizaa hipnosi. Wasaidizi wake wa Kihindi waliwapitishia wagonjwa mikono kwa saa nyingi mpaka wakazama, ndipo kisu kikaingia. Mwaka uliofuata etha ilitumika hadharani Boston, na mwaka 1847 klorofomu ikafika. Dawa hizo zilifanya kazi haraka na karibu kwa kila mtu, kwa hiyo mbinu ya Esdaile ikasukumwa pembeni. Kwa upasuaji mkubwa, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ila kwa mambo madogo yanayouma kila siku, kilitupwa kitu kilichokuwa bado na kazi.

Na katika zahanati hakuna dogo linalouma kama bandeji ya mtu aliyeungua. Mtoto kamwagikiwa uji au mafuta ya kukaangia samaki. Bandeji imeshikana na nyama, na kila baada ya siku moja au mbili lazima itolewe. Siku ya kwanza analia akiguswa. Siku ya tatu anaanza kulia akiuona mlango. Mama anamshika mikono, nesi anaharakisha, na nje kuna foleni.

Muuguzi aliyefundishwa huanza kabla hajagusa kitu. Anamuuliza mtoto angependa awe wapi sasa hivi. Mtoto wa Igogo akisema ziwani, muuguzi anamfuata hukohuko kwa sauti ya chini: vuta pumzi, toa, mkono wako unaingia majini, maji ni ya baridi, ubaridi unapanda, umefika kwenye kiwiko. Bandeji inalowekwa huku mazungumzo yakiendelea. Dawa ya maumivu haiondolewi. Maneno yanaongezwa juu yake. Katika Hospitali ya Harborview, Seattle, mwanasaikolojia David Patterson alitumia miaka mingi akiwatibu walioungua kwa njia ya namna hii na kuchapisha matokeo. Liège, Ubelgiji, daktari wa ganzi Marie-Elisabeth Faymonville na wenzake, tangu mwaka 1992, wamewahudumia maelfu ya wagonjwa wa upasuaji, hata wa tezi ya shingo, kwa hipnosi pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo ya kutuliza.

Jibu la haraka kutoka wodini linajulikana: muda uko wapi? Ni swali la haki kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini. Lakini mwaka 2000 daktari Elvira Lang wa Boston alichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wagonjwa 241 waliokuwa wakiingiziwa vifaa mwilini wakiwa macho. Waliohudumiwa kwa njia ya kawaida walimaliza kwa wastani wa dakika 78. Waliosaidiwa kwa hipnosi, dakika 61. Mgonjwa aliyetulia hashikwi na watu watatu.

Hata hivyo, kuna mipaka, na Tanzania imewahi kulipia kutoijua. Mwaka 2011 msafara wa magari uliziba njia ya Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki Julai 2021. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Wengi walirudi wakijisikia wepesi, na hakuna sababu ya kudhani walisema uongo. Lakini wako walioacha ARV kwa sababu ya wepesi huo, na virusi vya UKIMWI havikuwa na habari na imani yao. Hipnosi nayo haiui kirusi, haiyeyushi uvimbe, wala si mbadala wa kidonge cha presha. Atakayetangaza hivyo kwenye nguzo ya Igogo, hata akiwa na koti jeupe, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, lina wajibu wa kumuuliza.

Mpaka wa pili ni mkali zaidi kwa Usukumani. Mtu aliye katika hipnosi hujibu kwa kumfuata anayemuuliza, na anaweza kuamka na kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, akiiapia. Kwa sababu hiyo Mahakama ya Juu ya California ilikataa mwaka 1982 ushahidi wa shahidi aliyepitishwa humo. Sasa fikiria swali la "nani amekuroga?" likiulizwa katika hali hiyo, kwenye mkoa ambako vikongwe wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Hiyo ingekuwa ramli chonganishi iliyovaa koti la hospitali. Kanuni iandikwe wazi: hipnosi ya kutuliza, ndiyo, hipnosi ya kuuliza, marufuku.

Mafunzo hayawezi kuagizwa yakiwa kwenye kanda za Kiingereza. Dawa hapa ni maneno, na bibi aliyeletwa kutoka Misungwi anahitaji kuyasikia kwa Kisukuma, kutoka kwa mtu anayejua ubaridi wa maji ya alfajiri. Chuo Kikuu cha CUHAS kiko hapohapo Bugando na kinafundisha wauguzi. Kingeweza kuanza na wachache wa chumba cha vidonda. Waandike mambo matatu kwa kila mgonjwa: dakika zilizotumika, dawa ya maumivu iliyohitajika, na kama mtoto aliingia siku ya pili kwa miguu yake au kwa kubebwa. Baada ya mwaka mmoja daftari lifunguliwe, na kama tofauti haionekani, fedha zirudi kwenye ganzi na bandeji.